Kiwango cha Ugumu kwa Dole Gumba la Kushoto

Hogo la plasta lilikatwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nakumbuka kwa sababu niliikazia macho saa ya ukutani nisiuone msumeno. Mlio ulipokoma, mhudumu aliipanua plasta kwa mikono miwili kama mtu anayemenya karanga, na mkono wangu wa kushoto ukatoka humo mwembamba, umepauka, una magamba. Ulifanana na mkono wa mtu aliyenizidi miaka ishirini. Akaniambia nikunje dole gumba. Nilijaribu. Dole gumba halikwenda popote.

"Litarudi," alisema, akamwita mgonjwa anayefuata.

Hakusema lini, na mimi nilikuwa na sababu ya kutaka kujua lini.

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Mota ya mashine ya kusaga au ya kukoboa ikiungua, waya wote wa shaba uliozungushwa ndani yake hutolewa, na waya mpya husukwa mahali pake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka nafasi zote zijae. Niliishia darasa la saba. Ufundi huu niliupata kwa mzee mmoja wa reli na kwa vitabu viwili vya Kiingereza nilivyovisoma na kamusi pembeni. Watu hudhani kazi yenyewe iko kwenye mkono wa kulia, ule unaozungusha. Mkono wa kulia ni punda tu. Dole gumba la kushoto ndilo linalokaa juu ya waya na kuuvuta kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Likilegea, mizunguko inapandana. Likikaza mno, vanishi inayoufunika waya inachubuka. Kwa macho mota itaonekana nzima, mwenyewe ataipakia na kuondoka akishukuru, na baada ya siku chache za kazi itatoa moshi.

Mkono huo ulibanwa na kuvunjwa na mota iliyoteleza kwenye mnyororo wakati tunaishusha. Mota hiyo hiyo ilikuwa bado imelala karakanani kwangu, Shanwe. Ilikuwa mali ya mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mwamkulu. Waya mpya alikuwa ameununua mwenyewe na kuusafirisha kutoka Tabora, akauweka mezani kwangu ukiwa bado umefungwa kwenye karatasi yake. Mavuno yalikuwa yanakuja. Siku alipokuja kunipa pole alikaa, akautazama mkono, halafu akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Fundi, niambie ukweli. Nikusubiri, au niende kwa mwingine?"

"Nisubiri, mama. Hogo likitoka nipe wiki tatu. Kama sitaweza nitakwambia mapema, kabla mpunga haujaanza kuingia."

Akakubali. Hivyo ndivyo nilivyojikuta na wiki tatu.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alinipa kipande cha sifongo na maelekezo mafupi. Niminye asubuhi, mchana na jioni. Nizungushe dole gumba kila upande. "Zoezi likiwa rahisi hujafanya kitu," alisema. "Likikufanya ukaze bega na kuuma meno, unaumiza. Tafuta katikati, mzee wangu."

Nilikwenda nyumbani nikaminya sifongo. Sijui kama kuna mtu amewahi kuminya sifongo kwa moyo wote. Baada ya siku mbili nilikuwa naminya huku natembea, kutoka sebuleni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai, na kurudi. Nilikaza skrubu za madirisha yote kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nafika karakanani, nafunua ile mota, naiangalia, naifunika.

"Kaa chini, mzee," mke wangu alisema. "Unanichosha macho."

Binti yetu alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, kwa hiyo naye alikuwa mtu wa kuzunguka nyumbani. Mjomba wake, yaani shemeji yangu, aliwahi kuendesha chumba cha gemu hapo jirani, vijana wanalipia mechi moja moja. Alipokwenda kutafuta dhahabu alituachia mashine moja na pedi mbili, ndivyo wanavyoviita vile vidude vya kushika mikononi. Binti alivitoa chini ya kitanda, akavifuta vumbi.

"Baba, jaribu hii. Mchezaji anaendeshwa na kijiti hiki cha kushoto. Dole gumba halipumziki hata kidogo."

Nilikichunguza kijiti. Kilizunguka pande zote, kilirudi chenyewe katikati, na kilihitaji nguvu ndogo lakini isiyokatika. Kwa dole gumba langu kilikuwa bora kuliko sifongo, na nilisema hivyo. Kwamba ni mchezo wa mpira wa miguu lilikuwa jambo la ziada. Sijawahi kuwa mtu wa mpira.

Mashine ile ina viwango vitano vya ugumu. Majina yake ni ya Kiingereza. Mimi niliyatafsiri kwa matumizi yangu: anayejifunza, wa ridhaa, wa kulipwa, wa kimataifa, gwiji. Nilianza na cha kwanza, kama inavyopasa. Katika kiwango hicho wapinzani hukusogelea kwa heshima, kama wageni wasiotaka kuchafua zulia. Ukipiga pasi kwenda kusikokuwa na mtu, mpira unajirekebisha njia na kumkuta mtu. Siku ya tatu nilishinda sita kwa bila, na dole gumba halikuwa limechoka. Kwa kipimo cha dada wa mazoezi, nilikuwa sijafanya kitu.

Nikapanda kiwango cha pili kwa siku chache, nikafungwa kidogo, nikafunga kidogo. Hapo ndipo ningebaki kama ningekuwa na akili iliyotulia. Lakini siku zilikuwa zinakwenda, na kichwani nilikuwa nimejipangia jambo. Niliwaza kwamba kiwango cha tatu, cha wachezaji wa kulipwa, kinadai kijiti kishikwe bila kulegea kwa muda unaokaribia ule wa kusuka koili moja, yaani fungu moja la mizunguko ya waya. Basi siku nitakayoshinda kiwango cha tatu mara kwa mara, mkono utakuwa tayari kwa mota. Lilikuwa wazo zuri, lina mwanzo na mwisho, linapimika. Sikumweleza mtu yeyote. Nilimwambia binti tu: "Weka cha tatu."

Kiwango cha tatu kilinifunga saba. Kesho yake sita. Wapinzani walikuwa wanakuja wawili wawili, wanachukua mpira kabla sijajua ninao. Mpaka kufikia mapumziko dole gumba lilikuwa limekakamaa kama kigingi, na nikigundua meno yameumana nilikuwa nayaachanisha kwa makusudi, halafu yanaumana tena. Chakula kilipoa mbele yangu. Usiku niliamka kukunja dole gumba gizani, nikiamini mke wangu amelala. Nilianza kuichukia timu moja yenye jezi za njano, watu ambao hawapo.

Halafu, wiki ya pili ilipoingia katikati, mambo yakageuka. Nilitoka sare. Siku iliyofuata nikashinda mbili kwa moja. Ikaja tatu kwa moja, kisha nne kwa bila. Nilikula nikamaliza sahani. Niliutazama mkono na nikauona umenenepa kidogo, jambo ambalo huenda lilikuwa kweli.

Lazima nieleze jinsi mechi ilivyokuwa inaanza. Sikuwasha mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti changu. Binti aliwasha televisheni, akawasha mashine, akapitia zile kurasa za kuchagua, akapanga timu, halafu akanikabidhi pedi kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyo, na nyumba nyingi ninazozijua. Baba hafungui bomba. Maji ya kuoga hupelekwa bafuni yakiwa yameshachanganywa, mtu ametia mkono wake kwanza kuona kama hayaunguzi. Sijawahi kuuliza wametia maji baridi kiasi gani. Na gemu ilikuja kwangu kwa njia hiyohiyo.

Jumatano nilimpigia simu mama wa Mwamkulu. "Mama, mkono umerudi. Jumatatu naanza kusuka."

"Bwana asifiwe," alisema. "Nilishaanza kuulizia kwingine. Basi naacha."

Alhamisi asubuhi mtani wangu aliingia na madumu mawili ya asali. Anafuga nyuki kule Ugalla, na akija mjini kuuza hufikia kwetu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa babu zetu; maana yake ana ruhusa ya kunitania hata kwenye msiba wa baba yangu, na ruhusa hiyo aliitumia.

"Hodi humu. Nasikia kuna mzee amerudishwa chekechea."

"Karibu, mtani. Kaa pale, usiguse kitu."

"Mkono uko wapi niuone?" Aliushika, akaugeuza. "Mh. Huu hata fisi angeurudisha."

Mke wangu alicheka kutoka jikoni. Nilimweleza mtani kuhusu kijiti, kuhusu viwango, kuhusu wachezaji wa kulipwa ambao sasa nawafunga ninavyotaka. Binti alikuwa ameniwashia kabla ya kwenda sokoni, na kila kitu kilikuwa tayari kwenye kioo. Nikacheza mechi moja mbele yake, nikashinda tatu kwa moja. Nakiri nilicheza vizuri.

"Nipe na mimi," alisema.

"Hujui hata kipi ni kipi."

"Nyuki nao hawakunielekeza."

Aliishika pedi juu chini. Nikamgeuzia. Vidole vyake ni vinene, vimeumwa na kuumwa tena, na dole gumba moja lilikuwa linafunika vitufe viwili kwa pamoja. Mchezaji wake wa kwanza alikimbia kwenda pembeni, akazunguka, akarudi alikotoka akiwa bado na mpira. Hakuna aliyemgusa.

"Mbona hawa wananipisha?" mtani aliuliza. "Wananiamkia?"

"Cheza."

"Nacheza. Nakwenda wapi?"

"Kule."

Alikwenda kule. Alibonyeza vyote kwa pamoja, na mpira ukapita katikati ya miguu ya watu watatu ukaingia wavuni. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akataka kujua kama hilo ndilo linaloitwa bao. Kabla ya mapumziko alifunga lingine. Kipenga cha mwisho kilipolia alikuwa ameshinda mbili kwa bila, na katikati aliwahi kuiweka pedi chini ili ajikune.

"Mtani," alisema taratibu, kwa sauti isiyo na utani mwingi, "uliniambia hawa ni wataalamu, wanalipwa. Hawa ni watoto wa kunyonya. Nani amekuchagulia wapinzani?"

Nilichukua pedi. Kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza nilirudi mwenyewe kwenye zile kurasa za mwanzo, nikazifungua moja moja mpaka nikafika inapoandikwa ugumu. Kilikuwa kiwango cha kwanza. Anayejifunza.

Binti alirudi na kikapu akatukuta mbele ya televisheni. Aliona ukurasa uliokuwa kwenye kioo. Akaweka kikapu chini.

"Shikamoo, babu," alimwamkia mtani.

"Marahaba, mama. Njoo uokoe jahazi, baba yako ameganda."

"Uliweka lini?" nilimuuliza.

"Baba, mama alisema nikupunguzie kidogo."

"Kidogo?"

"Kwanza niliweka cha pili. Ukatoka sare, ukala nusu. Mama akasema punguza tena."

Mke wangu alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. "Ulikuwa huli," alisema. "Ulikuwa unaamka usiku kukunja vidole gizani kama mchawi. Mimi nilitaka mtu alale."

"Na yule mama wa Mwamkulu? Jana nimemwambia Jumatatu naanza."

"Umemwambia kwa sababu ya gemu?"

Niliiweka pedi juu ya meza.

"Mimi ningejuaje?" alisema. "Wewe uliniambia unafanya mazoezi. Hukuniambia unajipima."

"Shemeji, usibishane naye," mtani alisema. "Mpe ugali. Akishiba atakumbuka kwamba mota siyo goli."

Nilimwambia binti aweke cha tatu, na mara hii nilisimama nyuma yake nikaona kwa macho yangu. Jezi za njano zikarudi. Nilishikilia kijiti kwa uangalifu wote nilionao. Hadi mapumziko nilikuwa nimefungwa tatu bila, na dole gumba lilikuwa limekakamaa kama siku za mwanzo, labda nafuu kidogo, sikuweza kusema kiasi gani. Bao la nne lilipoingia mtani hakucheka.

"Sasa hawa ni watu," alisema.

Ikaisha tano kwa bila.

Mchana tulikwenda karakanani, mimi na yeye. Nilitaka kuona kwenye shaba, siyo kwenye kioo. Nilichukua waya mkuukuu niliouokoa kutoka mota nyingine, nikafunga mezani kalibu ya kuzungushia waya, nikasuka koili moja kamili kama vile ni ya mteja. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu nikahisi dole gumba linaondoka, siyo kwa maumivu, linaondoka tu, kama mtu anayesinzia ibadani, na nikakaza ili lisiondoke. Nilipomaliza nilichukua kioo cha kukuzia na kuangalia. Kuanzia katikati mizunguko ilikuwa imepandana, na pale nilipokaza vanishi ilikuwa imechubuka, mistari midogo inayong'aa. Nilimpa mtani kioo.

"Mimi sioni kitu," alisema.

"Ndiyo. Hata mwenye mota asingeona."

Waya wa yule mama ulikuwa palepale mezani, haujafunguliwa. Nikausogeza mbali na mkono wangu. Jioni ile nilitembea tena kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai, na safari hii mke wangu alinipisha njia. Nilimpigia fundi mwingine wa hapa mjini, mtu ambaye tumekuwa tukikwepana kwa miaka kwa sababu ya wateja. Nilimuuliza kama anaweza kupokea mota Jumamosi. Aliuliza mara mbili ni mota ya nani, nadhani akitafuta mtego uko wapi. Kisha akasema anaweza.

Ningeweza kumpigia simu na mama wa Mwamkulu. Lakini niliona habari njema ndiyo iliyokwenda kwa simu. Hii niipeleke mwenyewe. Ijumaa mtani alinibeba kwenye pikipiki yake, dumu moja la asali katikati yetu. Mpunga wa kwanza ulikuwa umeshaanikwa kwenye maturubai nje ya mashine, na yule mama alikuwa anaugeuza kwa mguu.

"Fundi," alisema. "Siyo Jumatatu tena?"

Nilimsalimu, nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilimhakikishia jambo ambalo sikuwa nalo. Kwamba nilijaribu jana na mkono haujafika. Kwamba fundi mwingine yuko tayari kuipokea mota kesho, na nimemweleza kila kitu kuhusu ilivyoungua.

"Lakini juzi ulisema umerudi."

"Nilikosea kupima."

"Ulipima na nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema nilipima na sifongo. Nikamwambia ilivyokuwa: mpira wa kwenye televisheni, viwango, binti, ugali. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza mpunga. Nilipomaliza alimtazama mtani wangu, kana kwamba anatafuta shahidi.

"Ni kweli, mama," mtani alisema. "Hata mimi niliwafunga, na sijui mpira."

"Kwa hiyo mashine yangu, na watu wote wanaoniletea mpunga, tulikuwa tunategemea gemu."

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Huu mpunga hausubiri dole gumba la mtu, fundi."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Na waya wangu?"

"Upo kwenye karatasi yake. Sijaufungua."

Aligeuza mstari mmoja mzima wa mpunga hadi mwisho wa turubai na kurudi. Sikujua kama nisimame au niondoke. Kisha akamwambia msichana wake wa kazi atuletee maji ya kunywa, na akasema, bila kunitazama: "Mwakani kabla sijakuletea mota nitauliza kwanza matokeo ya mechi."

Mtani alicheka karibu aangushe kikombe. Yule mama hakucheka, ila alinunua asali.

Tangu siku hiyo nilicheza kiwango cha pili, na nilikiweka mwenyewe. Nilijifunza kukitambua kiwango kinachonifaa kwa mambo mawili: nilipomaliza mechi dole gumba lilikuwa limechoka na meno yalikuwa hayajaumana. Mabao niliacha kuyatumia kama kipimo. Kuna siku nilishinda, kuna siku nilifungwa moja au mbili, na kila wiki nilisuka koili moja ya waya mkuukuu na kuiangalia kwa kioo cha kukuzia. Mistari ile inayong'aa ilipungua, ikabaki mmoja, ikaisha. Hapo mpunga ulikuwa umeshakobolewa wote na magunia yameshauzwa. Siku nilipoona koili safi nilimwita mke wangu aje aitazame. Aliinama, akasema haoni tofauti yoyote na ile ya kwanza, akaniuliza nitakula saa ngapi.

Maji ya kuoga bado wananichanganyia. Siku hizi natia mkono kwanza.

Mota ya Mwamkulu ilisukwa na yule fundi mwenzangu, kwa waya uleule wa Tabora, na haikutoa moshi msimu mzima. Malipo ya ufundi yalikwenda kwake, kama ilivyostahili. Kwangu ilikuwa hasara ya shilingi laki mbili na nusu.